Kasiki za Bi Mwanasaumu

Jumatatu ile jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipotoka uani kuchuma majani ya mwarobaini. Ni kazi ya kila siku. Unachuma konzi mbili, unayaweka juu ya makumbi ya nazi yanayofuka kwenye kigae, unapitisha moshi chumba baada ya chumba, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kisha unafunga madirisha kabla ya adhana ya Magharibi. Ukichelewa dakika tano, umekwisha. Mbu wa Jomvu Kuu hawabishi hodi.

Nami nilikuwa nimechoka nao mpaka nikaingiwa na chuki. Huku kwetu usubi wa kwenye mikoko unakung'ata alfajiri ukitoka kutia udhu, na ndani nilikuwa na kunguni niliowanunua pamoja na kochi la mitumba. Hao wote nilishawazoea. Mbu ndio walionishinda. Mwanangu Wardah, miaka minne, alikuwa amepata malaria mara tatu tangu mfungo uishe. Mara ya tatu alitetemeka mpaka akajiuma ulimi, na daktari wa zahanati akaniambia bila kupepesa macho, "Mama, damu ya huyu mtoto imebaki kidogo. Akiumwa tena sijui kama atavuka." Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Na nilijua mbu wanatoka wapi.

Upande wa kulia wa nyumba yangu, nyuma ya ua wa makuti, alikaa Bi Mwanasaumu peke yake. Mwanamke wa miaka sabini hivi, hakujaaliwa mtoto. Uani kwake palikuwa na kasiki tatu, ile mitungi mikubwa ya udongo ya zamani, kila mmoja wa kumtosha mtoto kujificha ndani. Zilikuwa wazi siku zote, zimejaa maji, na hakuna aliyeyateka. Ukichungulia unaona viluwiluwi vimejaa, vinapanda na kushuka.

Nilimwendea mara mbili. Mara ya kwanza kwa adabu, na sahani ya mahamri.

"Shikamoo Bi Mwanasaumu. Nakuomba uzifunike hizi kasiki. Mtoto hana nguvu."

"Marahaba, Mama Wardah. Hazifunikwi." Alikuwa amekaa mkekani kando yake, mikono wazi, miguu wazi. "Mbu wanywa kitone tu. Kitone kitamuua mtu?"

Mara ya pili sikwenda na mahamri. Nilimwambia nitawaleta watu wa afya wazimwage mbele ya mtaa mzima. Alinicheka. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba saa ile ya jioni, mimi nikijipiga makofi shingoni na miguuni, yeye hakuna mbu hata mmoja aliyemtua.

Basi Jumatatu hiyo, nikichuma mwarobaini, nikachungulia kwenye makuti. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Nikakumbuka: amechukuliwa asubuhi kwenda Mjambere kwenye matanga ya binamu yake. Uwanja mtupu. Kasiki tatu.

Mimi ni mwanamke wa hasira, sifichi. Niliyaacha majani palepale nikapenya kwenye ua.

Mamangu alinilea na makatazo mawili ya saa ile. Magharibi humwagi maji uani bila kusema bismillahi, maana hujui unammwagia nani. Na Magharibi humwiti mtoto kwa jina lake nje, maana hujui ni nani mwingine anasikia. Nimeyashika maisha yangu yote. Siku ile nikayavunja yote mawili kwa mpigo mmoja.

Niliinamisha kasiki ya kwanza. Maji yalinimwagikia miguuni, nikashtuka. Yalikuwa vuguvugu. Uani pale hapaingii jua kuanzia saa tisa, lakini maji yalikuwa vuguvugu. Harufu ikapanda. Si ya tope. Ilikuwa harufu ya buchani asubuhi, kabla sakafu haijaoshwa.

Nikaimwaga ya pili. Viluwiluwi vikawa vinafurukuta mchangani, maelfu, na adhana ikaanza kule msikitini. Sikunyamaza. Nilikuwa napayuka. "Mwanangu Wardah ameumwa mara tatu! Mnasikia? Wardah! Wardah hawezi tena!" Nilikuwa nawaambia mbu. Yaani nilidhani nawaambia mbu.

Ya tatu haikuinama. Niliisukuma kwa bega, ikakaa. Basi nikauchukua mchi uliolala karibu na kinu, nikaipiga ubavuni.

Ikapasuka.

Maji yalitoka polepole, meusi, mazito. Na pamoja nayo ikatoka pumzi... ndefu, ya mtu aliyejizuia muda mrefu akaishusha. Nilisimama na mchi mkononi. Mchanga ulikuwa unayanywa yale maji. Nasema unayanywa. Nilisikia mafunda.

Nilirudi kwangu mbio. Jioni hiyo sikufukiza, na hapakuwa na haja.

Maana mbu hawakuja. Usiku kucha, kimya. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile Jomvu Kuu. Asubuhi Dorothy, jirani yangu wa upande wa kushoto, aliniita juu ya ukuta na kichanga chake begani. Dorothy ni mtu wa bara, alihamia hapa mwaka jana. "Mama Wardah! Jana nimelala kama mfalme! Hakuna mbu hata moja! Umeweka dawa gani?"

"Nimewafukuza," nikamwambia, nimejaa kiburi mpaka shingoni.

Jumanne hiyo mtaa mzima ulikuwa na habari moja. Mbu wamehama. Usubi umehama. Nilipoinua kochi langu sikukuta kunguni hata mmoja, mayai tu makavu. Watu walikaa barazani mpaka saa nne usiku, miguu wazi, wakicheka. Sikujiuliza kitu gani kinaweza kuwafukuza wadudu wote wenye meno kwa siku moja. Nilikuwa nafurahi.

Wardah hakucheka. Aliniambia amechoka. Nilipomvua nguo kumwogesha niliona alama chini ya kwapa. Moja tu, ya mviringo, safi, haikuvimba wala haikuwasha. Nikaigusa. Ilikuwa ya baridi.

Jumatano nilimpeleka zahanati. Walimpima, hana malaria. Muuguzi alitazama karatasi, akamfunua mtoto kope, akaitazama karatasi tena. Damu ilikuwa saba. Wiki iliyopita ilikuwa tisa. Akaniuliza kama amekatika mahali, kama ametoka damu puani, kama anaharisha. Hapana, hapana, hapana. Akatuandikia dawa ya maji na kuniambia nimrudishe kesho.

Mume wangu Sufyan huendesha lori la makontena kutoka Kipevu, na wiki hiyo alikuwa Malaba kwenye foleni ya mpakani. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu ndani, mimi na Wardah. Baada ya Isha umeme ukakatika. Nilimlaza, nikamshushia chandarua, nikachomeka pembe zake chini ya godoro, nikakaa kitini pembeni.

Ndipo nikasikia.

Ngiiii...

Mbu mmoja. Wallahi nilifarijika, nikasema kumbe wamerudi. Nikainua viganja tayari kumpiga. Sauti ikazunguka chandarua mara moja. Mara mbili. Ikashuka karibu na mto, ikawa ndefu, nyembamba, na ndani yake mkawa na kupanda na kushuka ambako mbu hana. Nikatega sikio.

Waaaar...

Waaaardaaah...

"Abee," mwanangu akajibu usingizini.

Harufu ya buchani ikajaa chumbani. Nikapapasa simu, nikaiwasha tochi.

Chandarua kilikuwa kimebonyea juu ya kifua chake. Kimebonyea sana, vile kinavyobonyea mtu mzima akiinama juu ya kitanda. Lakini juu yake hapakuwa na mtu. Kwenye tundu moja la chandarua, moja tu, kilipita kitu chembamba kama uzi wa cherehani, chekundu, kimenyooka mpaka chini ya kwapa la mwanangu. Kilikuwa kinapwita. Polepole. Kwa raha.

Nilisema bismillahi, nayo haikutoka, midomo tu ilicheza. Kitu kile kikaanza kujivuta nje ya tundu bila haraka, chandarua kikainuka, kikatulia. Kilikuwa kimelowa.

Nilimpakata mpaka asubuhi. Haikusaidia. Alhamisi zahanati walimpima, ikawa tano. Safari hii muuguzi hakuniuliza kitu. Aliandika barua ya kutupeleka hospitali kubwa akaongezewe damu, akaipigia mstari mara mbili. Shemeji yangu Anwar alikuwa na gari lakini alikuwa kazini. Akaniahidi kutupitia mara tu baada ya Magharibi. Nikarudi nyumbani kukusanya nguo. Wardah nilimlaza kwenye kochi, midomo yake myeupe, hata kulia hakuweza.

Nilikuwa naanua nguo kwenye kamba karibu na ua wa makuti niliposikia mtu anapumua upande wa pili.

"Mama Wardah." Sauti ya chini kabisa. "Ni wewe ulozimwaga?"

Bi Mwanasaumu alikuwa amerudi. Nikasogeza makuti. Alikaa mkekani palepale, kasiki mbili zimelala ubavu, vigae vya ya tatu mbele yake. Nilitegemea matusi. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umenawiri, wa mtu aliyelala vizuri baada ya miaka mingi.

"Mtoto anakufa," nikasema. "Kulikuwa na nini mle ndani?"

"Nyamaa. Sema polepole." Akajikuna mkono. "Mimi nilikikuta. Nyanya yangu alikikuta. Hakina jina, na kikiwa nalo sijaambiwa. Najua kazi yake ni kunywa. Wale mbu walikuwa wakikiletea. Kitone kwa huyu, kitone kwa yule, mtaa mzima. Wanywa damu, warudi, waitapika mle majini. Hakuna alojua."

"Watoto wameugua kwa hao mbu!"

"Kuugua si kukaushwa." Akatabasamu. "Sasa umekivunjia nyumba na wachukuzi wake wamekimbia. Yabidi kijinywee chenyewe."

Niliingia uani kwake, nikapiga magoti kwenye mchanga ule ule. Nilimshika miguu. Sijawahi kumshika mtu miguu, na nilimchukia nikiwa nimeishika. Nikamwambia anirudishie mwanangu, kwa haki ya aliyemzaa.

"Mpeleke hospitali," akasema.

"Nampeleka leo."

"Kitamfuata. Kimesikia jina, hakikusikia nyumba. Utie maji kasiki hizi, utafute viluwiluwi, ungoje mbu waruke. Siku saba, nane. Kikianza kuletewa tena kitamwacha. Mtoto ana siku ngapi? Mbili?" Akacheka bila sauti. "Miaka arubaini nakaa hapa mtana na usiku, sikuolewa, sikuzaa, nakilinda kisiwamalize watu. Na wewe wanitishia na watu wa afya. Hata mahamri yako yalikuwa mabichi ndani."

"Nisaidie, Bi Mwanasaumu."

"Mimi? Mimi nimepumzika. Tangu Jumatatu nalala. Nyanya aliniusia jambo moja tu: usikitajie jina la mtu, maana kikipewa jina huganda nalo, hakiliachi mpaka kitajiwe jin..."



Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Mkono wake ukapanda taratibu, ukamfunika mdomo.

Kule msikitini spika ikakwaruza. Mwadhini akakohoa.

Sikufikiri. Ningependa kusema nilifikiri, kwamba nilipima roho ya mtoto na ya mwanamke mzee. Sikupima chochote. Adhana ilipoanza niliuinamia ule mchanga na kusema kwa sauti kubwa, "Mwanasaumu! Mwanasaumu binti Hashim! Mwanasaumu!"

Mchanga chini ya viganja vyangu ukawa vuguvugu.

Aliruka. Sikujua mtu wa umri ule anaweza kuruka vile. Alinishika kitambaa cha kichwa, akafungua mdomo anitaje mimi... na jina hakuwa nalo. Tulikuwa majirani miaka miwili, na kama wanawake wote wa mtaa, aliniita kwa mtoto wangu tu. Niliona macho yake yakilitafuta jina langu usoni kwangu. Kisha nikaona amepata la kusema. Alitaka kusema lile jina jingine, analolijua.

"Wa..."

Nikamziba mdomo. Nikamlaza chini, nikamkalia kifuani, nikauziba mdomo ule kwa viganja vyote viwili. Aling'ata. Aliung'ata mkono wangu mpaka meno yakakutana na mfupa, alama ninayo mpaka leo, na sikuuondoa. Adhana ile ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Ilipokwisha, na mwadhini akazima spika, alilegea. Nikamwachia.

"Umeniua," akanong'ona.

"Ndiyo," nikamwambia.

Usiku huo Wardah aliongezewa damu, na damu ikakaa. Ijumaa ikakaa, Jumamosi ikapanda. Madaktari walifurahi, Sufyan akafika kutoka Malaba akalia hadharani. Nami nikamwachia mtoto nikapanda bodaboda mpaka kwenye mitaro ya Changamwe, na kichujio cha chai na chupa ya maji, mwanamke mzima wa buibui, nikawa nachota viluwiluwi huku mafundi wa gereji wakinitazama. Mmoja aliniuliza kama ni dawa ya kienyeji. Nikamwambia ndiyo. Kasiki moja niliivuta kwangu usiku, nikaijaza, nikavimwaga humo.

Bi Mwanasaumu sikumwona tena uani. Dorothy alimpelekea uji mara mbili, akaniambia bibi amekuwa mweupe, sauti imemkauka, ananong'ona tu kwamba anaitwa. Mimi sikwenda.

Alikufa Jumatano. Ilikuwa mapema mno.

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nisingekwenda, watu wangeuliza. Bi Zuleikha, mwosha maiti wa mtaa, alimgeuza kwa mkono mmoja, akaushangaa mkono wake. "Mwepesi huyu," akanong'ona. "Subhanallah. Mtu hawi hivi." Chini ya kwapa palikuwa na ile alama. Nilimmwagia maji huku nikihesabu siku. Tangu Jumamosi mpaka Jumatano, siku nne. Kwenye kasiki viluwiluwi vilikuwa vimeshajikunja, vinaelea juu, lakini hakuna aliyekuwa ameruka. Na kile kitu hakikuwa tena na mtu wa kunywa. Kilikuwa kinajua jina jingine moja tu.

Tulizika baada ya Alasiri. Sufyan akarudi kazini. Jioni niliisogeza kasiki chini ya dirisha la chumba cha Wardah, nikafungua dirisha wazi, saa ya Magharibi, mimi niliyelifunga saa ile miaka yote. Sikuchuma mwarobaini. Nilikaa kitini kando ya kitanda, tochi mkononi. Wardah, aliyeruhusiwa kutoka hospitali siku moja kabla, alikuwa amelala, mashavu yana rangi. Nilikuwa nimekumbuka kumwambia, mara kumi, mara ishirini: ukiitwa usingizini usiitike. Lakini mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa huitika.

Isha ikapita. Mtaa kimya.

Saa mbili na nusu nikasikia harufu. Hafifu. Ya buchani.

Ngiiii...

Nikasimama. Sauti ilitoka dirishani, ikaja juu ya kabati, ikazunguka. Nikaisikiliza kwa mwili wangu wote. Nilingoja ile herufi ya kwanza. Ikaja karibu na sikio langu, nyembamba, ya kijinga, haina neno lolote ndani yake. Ngiiii tu. Nikawasha tochi.

Alikuwa mbu. Mbu wa kweli, mdogo, miguu mirefu, mabawa bado mapya. Nyuma yake nikaona mwingine ukingoni mwa dirisha. Na mwingine.

Najua malaria ni nini. Najua aliyoniambia daktari. Nilichomoa pembe za chandarua chini ya godoro, nikakiinua chote juu, nikauweka wazi uso wa mwanangu. Mbu akatua shavuni. Akatafuta mahali, akachoma. Nilisimama pale machozi yananitoka kwa shukrani, nikamtazama anavyovimba, anavyokuwa mwekundu, na mkono wangu haukwenda kumpiga. Aliposhiba akaruka kwa uzito kupitia dirishani, akashuka kwenye kasiki. Chini kule maji yakatoa sauti ndogo ya funda, na ile harufu ikaanza kuondoka.

Wengine walivuka ukuta kuelekea kushoto. Baada ya muda mfupi nikamsikia Dorothy akijipiga kofi gizani, na kichanga chake kikaanza kulia.